Fundi Saa Ndani ya Kontena

Nyinyi wajukuu zangu mnaouza viatu soko la Zhanxi hapa Guangzhou wiki nzima, kisha Jumapili mkajifungia chumbani kutunga nyimbo, mmeniomba mara nyingi niwaeleze tulivyokuwa tunatengeneza nyimbo za kutamba enzi za twisti. Kila mara nimewajibu "kesho". Nilikuwa nawakwepa. Mzee akianza kusema "enzi zetu", kijana hutazama simu yake, na mimi sipendi kushindana na simu. Lakini baada ya yale ya kontena la Salha naona bora niandike mwenyewe, kabla hamjaanza kuyasimulia na kuyatia chumvi.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi. Sikuimba wala sikupiga gita, ingawa wasichana wa Kariakoo waliponidhania mpiga gita sikuwa mwepesi wa kukanusha. Niliajiriwa na Mgoa mmoja aliyekuwa na duka la kutengeneza redio, tuliyemwita Bwana Waya kwa sababu mifuko yake ilijaa vipande vya waya hata siku ya kanisani. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba mashine mbili za tepu na maikrofoni moja. Narudia, moja. Kevo, huyu kijana wa Nairobi anayewarekodia hapa Guangzhou, aliposikia hivyo aliniuliza, "Sasa mzee, drums mlikuwa mnaziweka channel gani?"

"Tuliziweka uani," nikamwambia.

Alidhani namtania. Ukiwa na maikrofoni moja, huna kitufe cha kupunguza sauti ya mtu mmoja mmoja. Unachoweza kupunguza ni mtu mwenyewe. Mwimbaji anasimama karibu, gita hatua kadhaa nyuma, saksafoni anageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, na mpiga ngoma unamsukuma hadi sauti yake itulie. Wetu alikuwa na mkono mzito. Tulimsogeza mlangoni, tukamtoa nje, mwishowe akawa anapiga uani katikati ya kuku wa jirani. Santuri yetu ya kwanza kuuza vizuri ina kuku ndani yake, ukisikiliza kwa makini kabla ya kiitikio. Watu walifikiri ni chombo kipya kutoka ng'ambo.

Sakafu ya chumba kile ilijaa alama za chaki. Kila mtu alikuwa na duara lake, na ole wako uvuke duara la mwenzako. Bwana Waya alinifundisha kwamba kazi ya kurekodi ni kazi ya miguu kwanza, masikio baadaye. Siku za mwanzo niligusagusa mashine kila nilipoona sauti haikai sawa, naye alinipiga kofi la mkononi na kusema, "Acha mashine, msogeze mtu." Hilo mpaka leo ndilo ninaloweza kuwafundisha kwa uhakika.

Jambo jingine ni namna ya kujua wimbo utatamba. Nyinyi mnahesabu waliotazama. Sisi tulikuwa na muuza kahawa. Alikaa kwenye baraza mbele ya duka na mabirika yake, akigonganisha vikombe kuita wateja, kaa-kaa-kaa, mchana kutwa. Tukimaliza kurekodi, Bwana Waya aliupiga wimbo kwa kiredio kibovu kuliko vyote dukani, akakiweka dirishani bila kusema neno. Muuza kahawa akiendelea kugonga kama kawaida yake, tunarudi chumbani. Akinyamaza, kuna matumaini. Vikombe vyake vikianza kugonga kwa kufuata mapigo ya wimbo, Bwana Waya alivua miwani na kuagiza kahawa ya watu wote. Msiusikilize wimbo kwa spika nzuri tu, wajukuu. Wimbo mwema hupenya hata kwenye redio ya mgonjwa.

Sasa nije kwa Salha. Mnamjua, ila wasiomjua nitawaeleza. Ni binti wa Temeke, ananunua viatu Zhanxi na kuvipakia kwa Mwanaidi, binti yangu msafirishaji mizigo, ambaye ndiye aliyenileta huku nipumzike na badala yake nakaa naye stoo ya mizigo kutwa nzima. Salha alilelewa na bibi yake mzaa baba. Bibi sasa amelala kitandani, macho hayaoni, na kumbukumbu inakuja na kuondoka. Kila siku anamuulizia Salha, na Salha anataka kwenda, lakini hakuwa na wa kumwachia mzigo mpaka kontena lifike bandarini Nansha. Kwenye simu bibi haelewi. Sauti ikikatikakatika anakasirika na kumrudishia simu shangazi yake Salha anayemuuguza. Ndipo Salha akapata wazo la kumrekodia bibi wimbo aliokuwa akiimbiwa naye utotoni akiogeshwa, ili kila akimuulizia, shangazi ampigie.

Wimbo wenyewe ni "Fundi Saa". Nilipomsikia akiuimba baina ya marobota ya Mwanaidi nilikaa chini. Ule wimbo niliurekodi mimi.

Kevo akamtengenezea toleo la kisasa, na sitamsema vibaya, alifanya kazi safi. Sauti ya Salha ilinyooshwa, ikang'arishwa, kila noti mahali pake. Shangazi akampigia bibi wimbo ule. Salha alikuwa amesimama nje ya jengo la viatu, mikokoteni inampita kushoto na kulia, anasikiliza kwenye simu. Bibi akatulia hadi mwisho, kisha akasema, "Anaimba vizuri huyu msichana. Ni mtoto wa nani?"

Salha alikuja stoo akiwa amevimba macho. Mwanaidi akampa kiti. Baadaye Salha akasema, "Babu, mtu aliyenilea ananiuliza mimi mtoto wa nani." Iliniuma kama vile ni mimi niliyesahauliwa.

Kevo alikuja naye ana huzuni. "Mzee, mi nilidhani naisaidia," akasema. Nikamwambia hakuharibu kitu, ila alimpamba bibi harusi mpaka mama yake akapotezana naye ukumbini. Sauti ya mtu ni kama uso wake, ina makovu yake. Tena sauti ilihitaji mahali pa kuvumia. Kile chumba cha Kevo cha kurekodia kimebandikwa sifongo kila ukuta, sauti ikitoka mdomoni inaanguka hapohapo. Sisi kwa Bwana Waya tulikuwa na tanki la saruji la maji ya mvua. Kiangazi likikauka tunaupiga wimbo kwa spika upande huu na kuingiza maikrofoni upande wa pili, na mwimbaji wa Kariakoo anasikika kama yuko kwenye kasri. Tatizo ni masika. Nyimbo zetu za masika zote ni kavu kwa sababu tanki lilijaa maji.

"Hapa Guangzhou tanki utalitoa wapi?" Mwanaidi akauliza. Wakati huohuo lori likarudi nyuma getini likiwa limebeba kontena tupu, la kupakia viatu vya Salha. Nililitazama lile sanduku la chuma, refu, halina kitu ndani, na mate yakanijaa mdomoni.

Kabla sijaendelea lazima mjue habari ya "Fundi Saa", maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikuwa na haraka. Aliyeuimba ni Zuhura, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito, Mungu amrehemu. Katika wimbo, msichana anampelekea fundi saa yake ya mkononi, anasema imeharibika:

*Fundi saa, fundi saa,*
*ifungue saa yangu uitazame,*
*kaniambia saa kumi,*
*kumi imefika, mwenyewe hajafika.*

Wiki ileile Bwana Waya alikuwa amepata kazi ya kufunga kipaza sauti kwenye msikiti wa nyuma ya mtaa wetu. Tulikifunga mimi na yeye, na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye kujituma, ile honi niliielekeza vizuri, iwafikie majirani wote. Sikufikiria kwamba majirani wa kwanza ni sisi. Alasiri tukaanza kurekodi. Zuhura hakuwa amewahi kuimba vile na hakuimba tena vile. Mpiga besi alikuwa anatabasamu peke yake. Zuhura ameingia ubeti wa mwisho, na adhana ya alasiri ikaingia naye, kubwa, safi, kutoka kwenye honi yangu.

Vijana wakaweka vyombo chini, kama adabu inavyotaka. Bwana Waya akasema tufute turudie, tepu ni ghali. Nikamwambia sitafuta adhana kwa mkono wangu. Akamgeukia mpiga besi, Mkristo wa Songea, akitegemea atapata mtu wa upande wake. Yule akasema, "Hata mimi sifuti, Bwana Waya. Sitaki maneno na Mungu wa mtu." Bwana Waya mwenyewe alinyoosha kidole hadi kwenye kitufe, akakiangalia, akarudisha mkono mfukoni kwenye waya zake.

Tulijaribu kurudia siku nyingine, haikuwa ile. Mwishowe Bwana Waya akaniambia niinakili ile nzuri kwenye tepu ya pili, na ubeti wa mwisho ukikaribia nishushe sauti polepole hadi kimya. Siku zile nyimbo zetu ziliisha kwa kishindo, pa, watu wakasimama. Huu wetu uliondoka kama mtu anayekwenda zake huku bado anaongea. Ulipotoka, watu walileta redio dukani wakisema zinakufa sauti wimbo ukifika mwisho. Bwana Waya alikuwa mwaminifu, aliwarudisha nyumbani na redio zao, lakini nilimwona anavyoumia.

Wimbo ukatamba pwani yote. Na kwa kuwa ubeti wa mwisho haukusikika, watu wakaanza kubishana kama yule mwanamume alikuja au hakuja. Tulipouimba wote hadi mwisho dansini, watu walisimama katikati ya ukumbi, wakadhani tumeanza wimbo mwingine. Ubeti ule tukauacha. Ile tepu yenye adhana tuliihifadhi kwenye kopo la biskuti hadi unyevu wa pwani ukaimaliza. Kati ya waliokuwa chumbani siku ile, nimebaki mimi.

Basi nikamwambia Salha, "Utaimba humo ndani ya kontena, na utaimba hadi mwisho."

"Upo mwisho?" akauliza.

"Upo," nikamjibu, na nikamfundisha ubeti ule hapohapo.

Tatizo la kwanza likawa Laoban. Huyu ndiye mama mwenye stoo. Sote twamwita Laoban, yaani bosi, na sidhani kama Mwanaidi mwenyewe analijua jina lake. Dereva alitakiwa awahi Nansha kabla geti halijafungwa, na wapakiaji walishavaa glavu. Tulipomweleza, alitikisa kichwa. "Bu xing, bu xing." Haiwezekani. Mwanaidi akambembeleza kwa Kichina, mimi nikatabasamu kwa Kiswahili. Akatupa nafasi ndogo, huku ameshika kiuno.

Tukaingia. Ndugu Dieudonné, mfanyabiashara wa Bukavu anayekodi kona ya stoo ile, alileta gita lake. Nilichora maduara ya chaki sakafuni, nikajiona kijana. Salha akafungua mdomo, na wajukuu zangu, ilikuwa aibu tupu. Chuma kilirudisha sauti kama kisima chenye hasira. Neno moja lilijibiwa na mengine kabla halijakwisha. Dieudonné akaweka mkono juu ya nyuzi. "Papa," akaniambia kwa upole, "hapa mi siskie hata gita yangu mwenyewe." Tanki letu lilipokea sauti kutoka kwa spika, hakuna mtu aliyewahi kuimba ndani yake. Jambo hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, mimi mwalimu wenu.

Laoban akapiga makofi. "Pengyou," akasema, neno analotumia kumwita rafiki anapotaka rafiki apishe njia, kisha kwa Kiswahili chake cha stoo: "Mzigo kwanza. Wimbo nyuma."

Tukatoka. Nilijua ndiyo imekwisha. Salha alikaa juu ya robota akipenga kamasi. Kiyoyozi cha dukani kilikuwa kimemtia mafua, na kilio kimeongeza. Wapakiaji wakaanza kujaza, makasha ya viatu na marobota ya nguo, kutoka mwisho wa kontena kuja mbele. Walipofika nusu, vyakula vyao vikaletwa. Wakakaa kivulini na vijiti vyao. Laoban akanitazama, akaelekeza kidevu kwenye kontena.

Nilipanda nikapiga kofi moja. Kisima kilikuwa kimenyamaza. Nguo zilikuwa zinakula ile hasira, na ule upande wa mbele uliobaki mtupu ulirudisha sauti kidogo tu, kama chumba chenye watu wanaokusikiliza. Laoban yule anapakia makontena kila siku ya Mungu. Nadhani alijua kontena linavyolia likiwa tupu na likiwa nusu. Au alitaka tu watu wake wale. Sikumuuliza.

Salha nilimsimamisha karibu, Dieudonné pembeni ya marobota. Kevo akaweka simu yake kwenye kasha, maana maikrofoni zake zote nilizikataa, kisha akawa hana kazi. "Kaa hapo," nikamwambia, "piga kasha." Yule kijana ametengeneza ngoma mia kwa vidole kwenye kompyuta, lakini sidhani kama alishawahi kumpigia mtu aliye mbele yake anapumua. Mwanzoni alikimbia. Nikamsogeza hatua mbili nyuma. Akawa anamtazama Salha mdomoni, na mapigo yakakaa.

"Mzee, ako na homa," akaninong'oneza kabla hatujaanza. "Hiyo pua nitaisafisha baadaye na mashine."

"Iache."

"Itasikika."

"Iache, Kevo."

Waliimba mara moja wakakosea, Salha akapiga chafya katikati ya kiitikio na wapakiaji wakacheka na wali mdomoni. Mara ya pili ikaingia. Nilisahau kwamba niko Uchina. Salha haimbi kama Zuhura, na sikutaka aimbe kama Zuhura. Aliimba kama mtu anayeogesha mtoto. Alipofika pale nilipokuwa nikishusha sauti kwa mkono wangu, nikaona mkono wenyewe unanyanyuka hewani kutafuta swichi. Nikaurudisha. Akaendelea:

*Fundi kacheka, akasema dada,*
*saa yako ina haraka kama wewe,*
*geuka nyuma utazame,*
*yule anakuja na mwavuli.*

Dieudonné akafunga kwa kishindo cha zamani, pa. Na hapo dereva wa lori akapiga honi ndefu. Safari hii tuliwahi.

Walimaliza kupakia, milango ikafungwa, lakiri ikawekwa, na kontena likaondoka kwenda Nansha na maduara yangu ya chaki chini ya viatu. Kule Dar ilikuwa bado asubuhi. Salha alimtumia shangazi wimbo vile ulivyo, kisha akampigia na kuweka simu juu ya meza ya mizani ili sote tusikie. Hakukaa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Tulisikia wimbo ukipigwa upande wa pili, mdogo, unapasuka, kwenye spika mbovu ya simu ya shangazi. Nikamkumbuka muuza kahawa. Wimbo ukaisha.

Kisha sauti ya kizee: "Kumbe alikuja."

"Nani, mama?" shangazi akauliza.

"Yule bwana wa kwenye wimbo. Nimemlaani bure tangu usichana wangu."

Mimi na Mwanaidi tulicheka. Salha hakucheka, kwa sababu hilo silo alilokuwa akilingojea, na shangazi naye alilijua. Akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyopigwa deki, "Na anayeimba, mama, umemjua?"

Bibi alikasirika. "Swali gani hilo? Nisimjue vipi na nimemlea mwenyewe? Si Salha huyo." Tukamsikia anavuta pumzi. "Ana mafua. Mwambie anywe tangawizi."

Salha aliinama juu ya mizani akalia, na mizani ikaanza kuandika uzito wake. Kevo alikuwa ameshafungua kompyuta aanze kuusafisha ule wimbo. Akaifunga, akaenda kumuuliza Laoban tangawizi inauzwa wapi.